CD za wazee wetu: tuchague programu gani ya kuingiza muziki kwenye kompyuta?



Leo sitaongea siasa wala bei ya vitu. Naomba tuongee kuhusu kartoni. Katika nyumba nyingi za hapa mjini kuna kartoni moja chini ya kitanda ao juu ya kabati, na ndani mna CD. Franco, Tabu Ley, Abeti, Koffi, Papa Wemba, na katikati yao CD nyeupe bila posheti, imeandikwa kwa biki: "Korali, Noeli". Hakuna anayeicheza tena kwa sababu radio ilikufa zamani. Siku moja mtoto anaulizwa: "We njo unajuaka mambo ya mashini. Tia hii miziki mu kile kidude cha siku hizi."

Mimi niliulizwa vile mwaka 2009. Nilikuwa mwanafunzi wa graduat, nilijiona mjuzi. Papa alinipa CD 20. Nikatia ya kwanza kwenye mashini, nikafungua, nikaona fishie nane zimepangwa vizuri: Track01, Track02, mpaka Track08. Nikachagua zote, nikakopi, nikabandika kwenye fleshi. Ilichukua muda wa kufumba macho. Nikasema: hii mashini ni ya nguvu kweli! Kwa nusu saa nilikuwa nimemaliza CD zote 20. Na kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, binamu yangu mmoja aliponiomba CD zenyewe akacheze kwenye safari ya Buta, nikampa bila wasiwasi.

Juma tatu baadaye Papa alichomeka fleshi kwenye radio mpya. Kimya. Nikaichomeka kwenye kompyuta. Kimya. Nikaangalia uzito wa kila fishie: baiti 44. Wimbo wa dakika 12, baiti 44! CD nzima ya nyimbo nane ilikuwa baiti 352, yaani ujumbe wa SMS mbili na kidogo. Muziki haukuwemo hata chembe. CD zilirudi kutoka Buta miezi iliyofuata. Zilirudi 14, na kati ya hizo nyingi zilikuwa zimekwaruzwa kama sahani ya kuoshea mchanga.

Ile aibu ndiyo iliyonifundisha haya ninayowaandikia. Sipendi mtu mwingine alipe ile bei.

CD ya muziki haina fishie ndani yake

Hapo ndipo kosa langu lilianzia. Sisi tumezoea kwamba kila kitu ni fishie: unakopi, unabandika, imekwisha. Lakini CD ya muziki ilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony, na ilitengenezwa kwa ajili ya mashini ya kucheza muziki sebuleni, wala si kwa kompyuta. Ndani yake kuna mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, wenye vishimo vidogo sana vinavyosomwa na mwanga wa leza. Sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kila kipimo kina biti 16, na kuna njia mbili, kushoto na kuume. Zidisha: ni biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 10 na nusu kwa dakika moja. CD ya saa moja inapita megabaiti 600.

Zile fishie zenye mwisho wa .cda ambazo Windows inakuonyesha ni anwani tu. Zinasema: wimbo wa tatu unaanzia hapa, una urefu huu. Kukopi .cda ni kama kuandika namba ya nyumba ya mtu kwenye karatasi halafu kusema kwamba umemleta mtu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "programu gani?", fungua CD kwanza uangalie aina yake:

– Ukiona .cda, na dirisha linaandika 1 Ko kwa kila moja, ni CD ya muziki halisi. Unahitaji programu ya kuutoa muziki.

– Ukiona .mp3 zenye megabaiti tatu, nne, tano, basi ni CD ya MP3, kama zile zilizouzwa sana sokoni, nyimbo 100 kwa CD moja. Hapo hauhitaji programu yoyote. Kopi na kubandika inatosha.

– Ukiona video, ni klipu, VCD ao DVD. Hiyo ni kazi nyingine, tutaiongea siku nyingine.

Sababu ya programu kutofautiana

Mtu atasema: programu zote zinasoma CD ileile, tofauti iko wapi? Tofauti inaonekana pale CD inapokuwa na ugonjwa, na CD zetu karibu zote ni wagonjwa: vumbi, joto, unyevu wa mto, vidole vya watoto.

CD ina akiba ndani yake ya kurekebisha makosa madogo. Mkwaruzo mfupi, wa milimita mbili hivi kwa kufuata mstari, unaweza kusahihishwa kabisa na haupotezi kitu. Lakini mkwaruzo ukizidi hapo, mashini ya sebuleni inabahatisha: inachukua sauti ya mbele na ya nyuma, inaziba pengo katikati. Ikishindwa kabisa, inanyamaza kidogo ao inaruka. Kwa kusikiliza jioni na bia yako, sio tatizo.

Lakini ukiwa unatunza muziki kwa miaka 30 ijayo, tatizo lipo. Programu ya haraka inasoma mara moja, inakubali chochote lekteri inachotoa, inaandika na kukuambia kazi imeisha. Utagundua siku ya matanga, ndugu wote wamekaa, wimbo unafika kwenye sebene na unaanza kusema "tak, tak, tak".

Programu ya uangalifu inafanya kazi kama karani wa benki anayehesabu noti mara mbili. Inasoma kipande, inakisoma tena, inalinganisha. Zikilingana, inaendelea. Zisipolingana, inarudia, na inarudia tena, mpaka ipate jibu linalojirudia. Mwishoni inakupa ripoti: wimbo wa 1 sawa, wa 2 sawa, wa 5 una wasiwasi dakika ya 3. Hiyo ripoti ndiyo ninayoitafuta mimi. Programu isiyoweza kukuambia imeshindwa wapi, hauwezi kuiamini pale inaposema imefaulu.

Kuna njia nyingine pia, inaitwa AccurateRip. Watu wa dunia nzima waliokwisha kutoa CD ileile wameacha namba ya hakikisho kwenye intaneti. Programu yako inatoa namba yake na kuilinganisha na zao. Zikilingana, basi wewe na mtu wa Paris ao wa Nairobi mmepata sauti ileile, biti kwa biti. Data inayotumika ni kidogo sana, haitakula forfait yako. Kwa CD zilizouzwa sana, kama zile za Sonodisc ya Ufaransa iliyotoa CD nyingi za Franco na OK Jazz, njia hii inasaidia kweli.

Lakini sikilizeni vizuri: CD ya korali ya parokia yako haimo kule. Hakuna mtu wa Paris aliye nayo. Zilitoka labda 50, na 45 zimekwisha kutupwa. Kwa hiyo, kwa zile CD ambazo ni za thamani kuliko zote kwetu, dunia haitatusaidia kuhakikisha. Inabidi tuhakikishe wenyewe: tusome mara mbili, na kama inawezekana kwa lekteri mbili tofauti, kisha tulinganishe. Hii inabadilisha kabisa namna ya kuchagua programu.

Basi, ni ipi?

Nitazipanga kwa mashini uliyo nayo.

*Kama uko na Windows.* Chaguo langu la kwanza ni Exact Audio Copy, watu wanaiita EAC. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, na ni ndogo. Iko zaidi ya miaka 20 sasa na sura yake ni ya kizamani, vitufe vingi kama ndege. Mara ya kwanza itakuuliza maswali mengi. Swali moja la maana ni kama unataka kasi ao usahihi: jibu usahihi. Katika modi yake ya usalama inasoma kila kipande angalau mara mbili, na penye shida inaweza kurudia mpaka mara 80. Ina pia kazi inayoitwa "Test & Copy": inausoma wimbo mzima mara ya kwanza kwa kujaribu, mara ya pili kwa kuandika, halafu inakuonyesha namba mbili. Zikifanana, lala usingizi. Kwa CD ya korali, hiyo ndiyo silaha yetu.

Kama EAC inakuogopesha, chukua CUERipper. Ni ya bure, dirisha moja, vitufe vichache, inasoma kwa uangalifu na inalinganisha na AccurateRip. Ndugu yake, CUETools, ana jambo la ajabu: kwa CD ambazo wengine walikwisha kuzitoa, anaweza wakati mwingine kurekebisha makosa madogo ya kopi yako kwa kutumia data iliyohifadhiwa kule. Lakini, tena, sio kwa CD ya parokia.

Kuna dBpoweramp, ya kulipia, nzuri sana na rahisi, yenye muda wa kujaribu bure. Mwenye CD 1,000 za radio ao za maktaba, pesa yake haitapotea. Kwa kartoni moja ya Papa, sioni lazima.

Na Windows Media Player, ile iliyo tayari kwenye mashini? Inaweza kutumika, kwa CD safi na kwa mtu asiyetaka kusumbuka. Ila usibonyeze kitufe kabla ya kufungua mipangilio. Tafuta mahali palipoandikwa "extraire", uangalie aina ya fishie na ubora, kwa sababu chaguo inayokuja nayo mara nyingi si ile unayoitaka. Washa pia ile ya kurekebisha makosa. Haitakupa ripoti ya kila wimbo, kwa hiyo itabidi masikio yako yafanye kazi hiyo.

*Kama uko na Mac.* XLD, ya bure, inasoma kwa uangalifu, inalinganisha, inatoa ripoti. Programu ya muziki ya Apple inaweza pia, na ndani ya mipangilio kuna kurekebisha makosa: iwashe.

*Kama uko na Linux.* Wengi wetu tulitia Ubuntu kwenye mashini kuukuu, na hizo mashini kuukuu ndizo zenye lekteri! Ndani ya Linux msingi ni cdparanoia, na jina lake linasema tabia yake: haiamini mtu. Asunder na Sound Juicer zina dirisha rahisi. Anayependa kuandika amri atumie whipper, yenye ripoti na ulinganisho wa AccurateRip.

*Kama hautaki kufikiri juu ya mashini.* fre:ac. Ni programu huria, ya bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na unaweza kuiweka kwa Kifaransa. Nimeifundisha kwa shemeji yangu kwa dakika kumi, na yeye hapendi kompyuta.

Mambo ya kwetu ambayo maelezo ya wazungu hayasemi

La kwanza, umeme. Kusoma kwa uangalifu CD safi ya saa moja kunaweza kuchukua robo saa. CD mgonjwa inaweza kuchukua masaa. Delestaji ikikuta katikati, na betri ya mashini yako ilikufa zamani, unapoteza. Kwa hiyo chagua kuandika wimbo kwa wimbo, kila wimbo fishie yake, usichague CD nzima kuwa fishie moja kubwa. Umeme ukikatika kwenye wimbo wa sita, nyimbo tano ziko salama. Nyimbo zetu ni ndefu: "Mario" ya Franco ya mwaka 1985 inapita dakika 10. Kupoteza wimbo mmoja kunatosha kukuudhi, usipoteze nane.

La pili, lekteri. Laptopu mpya hazina. Unaweza kununua ya nje inayochomekwa kwa USB. Zingine zina waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote viwili, maana kimoja hakitoshi nguvu, na lekteri yenye njaa inasoma vibaya. Lakini kabla ya kununua, uliza kwa jamaa na kazini: kompyuta za mezani zilizolala kwenye stoo mara nyingi zina lekteri nzuri. Ikiwa lekteri moja imeshindwa CD fulani, usikate tamaa, jaribu nyingine. Kila moja ina macho yake.

La tatu, usafi. Futa CD kwa kitambaa laini, maji safi na sabuni kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe! Ukizungusha, mkwaruzo wako unafuata mstari wa muziki, na huo ndio mkwaruzo mbaya kuliko yote. Na msidhani upande wa juu, ule wenye maandishi, ni wa nguvu. Data iko karibu kabisa na upande huo. Biki yenye ncha inaweza kuiua.

La nne, CD za kugrava. Zile tulizograva nyumbani ao kwenye sekretaria, hata TFE zetu wengine tulizitia humo, si sawa na CD za kiwandani. Ndani yake ni rangi iliyobadilishwa na leza, na rangi hiyo inachoka kwa jua na kwa joto. Kwa hiyo anza na hizo! Franco wa kiwandani anaweza kungoja mwaka mwingine. CD iliyogravwa mwaka 2004 haingoji.

FLAC ao MP3?

Hapa watu wanapigana bure. Jibu ni zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

FLAC, iliyotoka mwaka 2001, inakunja muziki bila kutupa kitu. Ukiufungua, ni uleule wa CD. Inapunguza uzito karibu nusu: CD ya saa moja inaweza kuwa megabaiti 350 hivi. MP3 inatupa sauti ambazo sikio halizitambui sana. Kwa kilobiti 320 saa moja ni megabaiti 144, kwa 192 ni megabaiti 86, kwa 128 ni karibu megabaiti 58. Sauti iliyokwisha kutupwa hairudi. Kugeuza MP3 ya 128 kuwa FLAC ni sawa na kuongeza maji kwenye supu: sahani inajaa, lakini nyama ni ileile.

Zamani nafasi ilikuwa ghali, ndiyo maana tulibana kila kitu mpaka kikalia. Leo piga hesabu: CD 120 mara megabaiti 350 ni gigabaiti 42. Fleshi ya gigabaiti 64 inabeba kartoni nzima ya Papa katika FLAC, na nafasi inabaki. Kwa hiyo toa mara moja tu, kwa FLAC, uweke. Halafu kutoka ile FLAC tengeneza MP3 za simu, za radio ya gari, za kutuma WhatsApp. Hautahitaji tena kuigusa CD.

Majina: hapa ndipo kazi ya kweli

Programu nyingi zinatafuta majina ya nyimbo kwenye intaneti, kama kwa MusicBrainz, hazina ya bure inayojazwa na watu wa kujitolea. Kwa muziki wetu majina hayo yanakuja yamevunjika. Franco peke yake atakuja kama "Franco", "Luambo Makiadi", "Franco & le TP OK Jazz", "O.K. Jazz". Tabu Ley atakuwa "Rochereau" hapa, "Seigneur Rochereau" kule. Kompyuta haijui kwamba ni mtu mmoja, itawagawanya kwenye vyumba vinne. Chagua maandishi moja, uyafuate mpaka mwisho. MusicBrainz Picard, nayo ya bure, inasaidia kusafisha.

Na pale intaneti haina jibu, muulize mzee. Mimi nilikaa na Papa siku za Jumapili tatu, mimi kwenye kibodi, yeye kwenye kiti. "Hapa gita ni nani?" Anajibu, na anaongeza hadithi. Kwamba Abeti alizaliwa hapahapa mwaka 1954, Koffi mwaka 1956, wakati mji ungali Stanleyville. Kwamba alisikia wimbo fulani mara ya kwanza wapi, na nani alikuwa amevaa nini. Yale yaliyofaa niliyaandika ndani ya fishie, kwenye sehemu ya maoni. Kwa korali: jina la parokia, mwaka, mwalimu wa korali, nani aliimba solo. Hayo hayapatikani mahali popote duniani ila kwenye kichwa cha mzee wako. CD inaweza kungoja kidogo. Yeye, hatujui.

Neno juu ya haki

Kutoa CD yako kwa ajili ya nyumba yako ni jambo moja. Kuzigrava tena na kuuza sokoni ni jambo lingine. Sheria yetu ya haki za waandishi, ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inawalinda wanamuziki, na wengi wao waliondoka duniani maskini wakati nyimbo zao zinachezwa kila kona. Tutunze, tusiibe. Na usitupe CD baada ya kumaliza: ndiyo asili, na ndiyo hakikisho kwamba ulinunua.

Ile CD nyeupe

Sikuwaambia kwa nini Papa alisisitiza hivyo mwaka 2009. Kati ya zile CD 20 kulikuwa na moja iliyogravwa mwaka 2004, korali ya parokia. Wimbo wa tano, solo ni mama. Mama alituacha mwaka 2007. Sikujua kama imo. Nilimpa binamu, ikaenda Buta na kurudi. Ilikuwa kati ya zile 14. Nasema asante Mungu mpaka leo.

Niliiogopa kwa miaka mingi. Niliitia kwenye mashini baada ya kujifunza haya yote, usiku, umeme ukiwepo. EAC, Test & Copy. Wimbo wa kwanza mpaka wa nne: namba sawa. Wa tano: masaa mawili, namba hazifanani. Nikaisafisha, nikajaribu tena, hapana. Kesho yake nikaazima kompyuta ya mezani kwa jirani, mashini ya zamani imejaa vumbi. Wimbo wa tano ulipita kwa dakika tisa, namba mbili zikafanana. Wimbo wa saba haukupona kabisa, mpaka leo una "tak" moja karibu na mwisho. Nimeiandika kwenye maoni: kosa la CD, si la korali.

Nilimsikilizisha Papa. Alikaa kimya mpaka mwisho, akaniomba nirudishe mwanzo. Halafu akauliza:

– Sasa hii haitapotea tena?

– Iko mahali pawili, Papa. Hapa nyumbani, na kwa yaya kule Mangobo.

Akafikiri kidogo.

– Tia patatu.

Basi, wapendwa, leo ukifika nyumbani angalia ile kartoni. Tafuta CD nyeupe iliyoandikwa kwa biki. Anza na hiyo, kwa FLAC, wimbo kwa wimbo, kwa programu inayotoa ripoti. Halafu tia patatu.

 Anayekwama aulize hapa chini, tutasaidiana.